Dhahabu ya Leo na Kahawa ya 1977

Hotuba hii niliitoa Korogwe, Septemba 2025, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo. Wanachama wengi hawakufika kwa sababu ya misiba na kazi za shamba, nao wameomba niiweke yote. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha. Maneno ni yaleyale.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wangu, mama zangu, wanachama wenzangu: shikamooni. Na vijana mliosimama kule mlangoni, hamjambo. Sogeeni, viti vipo huku mbele.

Katibu amenipa kazi ya kueleza uchumi wa nchi yetu unaelekea wapi wakati dunia inayumba hivi. Vita huku, bei zinapanda kule, wafadhili wanaondoka, dola inaadimika halafu inarudi. Nitaanza na kitu nilichokuja nacho mfukoni.

Hiki hapa ni kipande cha marehemu baba. Wazee wa kambi za mkonge mnakijua bila kuelezwa. Kadi ya karatasi ngumu, ina vyumba 30, na kila ukimaliza kazi ya siku nyapara anatia alama chumba kimoja. Vikijaa vyote 30 ndipo unalipwa. Baba alikuja huku kutoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba, miaka ya 1950, akapangiwa korona, kwenye ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Mnaikumbuka harufu ya korona? Ule uchachu wa maji ya mkonge unaokaa kwenye nguo, ukaingia hadi kwenye shuka. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo.

Kipande hiki hakikujaa. Nimekihesabu mara nyingi: vyumba 11 vina alama, vyumba 19 ni vitupu. Siku ya 12 walipofika asubuhi, korona ilikuwa kimya. Wakaambiwa warudi nyumbani, wataitwa.

Nani aliizima ile korona? Nyapara? Meneja? Baba aliamini hadi anakufa kwamba ni meneja. Lakini mkonge wetu ulikuwa unakwenda Ulaya na Marekani, na sehemu kubwa ilisokotwa kamba za kufungia nyasi kavu za mifugo. Baba hakuwahi kuuona mzigo mmoja wa nyasi hizo. Huko mbali viwanda vikaanza kutengeneza kamba za plastiki, zinazotokana na mafuta ya petroli, nyepesi na za bei nafuu, na mkulima wa kule akazipenda. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, ikaongoza dunia nzima. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa tunazalisha kama tani 30,000 tu.

Najua wapo watakaosema mashamba yaliuawa na kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha, 1967, na usimamizi mbovu uliofuata. Sehemu ya ukweli ipo humo, sitaificha. Ila bei ilikuwa imeshaanza kuporomoka kabla ya Azimio. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akieleza kwamba trekta lilelile alilolinunua kwa tani kadhaa za mkonge, baada ya miaka michache lilimtaka atoe mkonge zaidi ya mara mbili. Na mmea wenyewe si wa kwetu: uliletwa 1893 kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62. Mkoa mzima ukasimama juu ya miche 62 na mteja mmoja aliye mbali.

Ndugu zangu, nimeanza na mkonge kwa sababu moja. Kuna mshtuko unaopita na kuna mshtuko unaokuja kukaa. Mafuta yanapanda, yanashuka: huo unapita. Kamba ya plastiki haikupita. Kosa kubwa ambalo nchi inaweza kufanya, na hata mtu mmoja mmoja, ni kuusubiri upite mshtuko ambao umekuja kukaa. Kambini kwetu watu walisubiri. Walikaa miaka, nyumba zikiwaangukia, wakisubiri kuitwa.

Sasa niwapeleke kusini.

Mwaka 2017 nilikuwa Nachingwea kikazi, nikalala kwa mkulima mmoja aliyenipokea kama ndugu. Sebuleni kwake hapakuwa na pa kukaa. Viroba vya mbaazi vilikuwa vimepangwa kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, na redio imewekwa juu yake. Usiku nyumba ikitulia, ukitega sikio, unasikia wadudu wanavyotafuna ndani ya viroba. Asubuhi mke wake alifagia unga mweupe uliomwagika chini, akaukusanya kwenye ungo, akauangalia, halafu akaenda kuumwagia kuku. Hakusema neno.

Msimu mmoja nyuma, kilo ya mbaazi ilikuwa imevuka shilingi 2,000. Mwaka ule mnunuzi aliyefika kijijini alitaja 150. Shilingi 150, ndugu zangu! Pikipiki ya kutoa kiroba shambani hadi barabarani ilikuwa inakula zaidi ya hapo. Yule bwana aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mzee, mbaazi yangu imekosa nini?"

Mbaazi yake haikukosa kitu. India, inayokula mbaazi kuliko nchi yoyote, ilipata uhaba, bei ikapaa, ikawahimiza wakulima wake walime, wakalima, mvua ikakubali, wakavuna kuliko mahitaji. Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo: tani 200,000 tu za mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Karatasi moja ilisainiwa New Delhi, na sebule moja Nachingwea ikajaa viroba.

Lakini sikilizeni hili. Majirani zetu wa Msumbiji nao wanalima mbaazi, nao wanaiuzia India. Julai 2016, wakati bei ni tamu na kila mtu anauza, wao walikuwa wameshakaa mezani na India wakaandikiana mkataba: kila mwaka India itachukua kiasi fulani cha mbaazi na mazao mengine ya jamii ya kunde kutoka kwao. Mlango ulipofungwa, wao walikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Sisi hatukuwa nao. Mkataba ule ungetugharimu nini 2016? Tiketi za ndege na wiki mbili za mazungumzo.

Baadaye India ilifungua tena, na kusini bei ikarudi juu ya 2,000. Huu ulikuwa mshtuko unaopita. Yule mwenyeji wangu hakuwepo kuipokea bei hiyo. Alishang'oa mbaazi zote akafanya kuni.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naingia kwenye kile hasa nilichokuja kukisema leo, na naomba mnivumilie kwa sababu nitakaa hapo kidogo.

Sisi tukisikia neno mshtuko tunafikiria balaa. Kuna mshtuko mwingine, wa neema, unatoka nje vilevile na hatukuutolea jasho, na mimi nadiriki kusema ndio uliotuumiza kuliko yote. Julai 1975 baridi kali ilishuka usiku kule Parana, Brazil, ikaunguza mamilioni ya miti ya kahawa. Kahawa ya dunia ikaadimika. Bei ikapanda, ikaendelea kupanda, hadi 1977 ikawa haijawahi kuonekana. Kilimanjaro na Kagera watu wakaezeka mabati. Benki Kuu yetu ikajaa fedha za kigeni kuliko wakati wowote tangu uhuru.

Tulizifanyia nini?

Mwanzoni mwa 1978 serikali ililegeza uagizaji wa bidhaa kutoka nje, na wakubwa wa Benki ya Dunia kule Washington walikuwa miongoni mwa walioshauri hivyo. Bidhaa zikamiminika. Kufikia mwisho wa mwaka uleule akiba ilikuwa imekauka. Mwaka mmoja tu! Na tazameni kilichofuata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, kwa hiyo tulilazimika kuanzisha shirika letu la ndege na shirika letu la reli, kila kitu upya. Oktoba 1978 Idi Amin akaivamia Kagera. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakapandisha tena mafuta. Mapigo matatu, na ghala tupu.

Vijana hamkuyaona yaliyofuata, wazee mnayajua. Mimi nilikuwa na miaka kama 20. Mama alikuwa ananiamsha saa kumi usiku niende duka la kaya kuweka jiwe. Hukuwa unapanga foleni wewe mwenyewe, unapanga jiwe lako, halafu kukicha kila mtu anasimama kwenye jiwe lake. Jiwe letu lilikuwa na doa la chokaa ili lisichanganywe na la mwingine. Unasimama hadi saa tano, mlango unafunguliwa, unaambiwa leo kuna viberiti tu. Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Tulifua kwa majani ya mpapai. Tulikula unga wa njano kutoka Marekani, tukauita yanga. Jumapili mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani kwa sababu ya mafuta. Mwalimu alituomba miezi 18 ya kufunga mikanda baada ya vita, na miezi ile ikawa miaka. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa shilingi kama 8. Mwisho wa 1986, baada ya Mzee Mwinyi kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilikuwa imepita shilingi 50.

Mimi siwalaumu viongozi wa wakati ule kwa vita. Tulivamiwa. Siwalaumu kwa mafuta ya 1979. Nawalaumu kwa 1978. Mwaka ule tulikuwa na kitu mkononi, na kila mtu, serikali na wananchi, aliamini kahawa itabaki juu.

Kwa nini nayafukua haya leo? Kwa sababu tuko tena 1977.

Mwanzoni mwa 2024 wakia moja ya dhahabu ilikuwa kama dola 2,000 na kidogo. Mwezi huu, Septemba 2025, imepita dola 3,500. Tumechimba zaidi? Kidogo. Tumekuwa hodari zaidi? Sidhani. Dunia ina hofu, na dunia ikiwa na hofu inakimbilia dhahabu. Benki kuu za nchi kubwa zinanunua kama watu wanaojiandaa kwa njaa. Hofu ya wengine imetushukia sisi kama mvua. Hii ndiyo kahawa yetu. Ni baridi ya Parana iliyotushukia upande mwema kwa mara ya pili, na wengi wetu humu ndani hatukuwa tunajua.

Ongeza watalii. Mwaka 2019 walikuja watalii zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Korona, ile ya ugonjwa, ikawashusha 2020 hadi 620,867. Arusha, Moshi na Unguja madereva na wapishi walirudi vijijini kulima. Mwaka 2024 watalii walipita milioni 2.1. Dhahabu na utalii ndio wanaotuletea dola nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mwishoni mwa Juni 2025 akiba ya nchi ya fedha za kigeni ilikuwa karibu dola bilioni 6, inatosha kuagiza mahitaji yetu kwa miezi zaidi ya minne.

Na mnakumbuka miaka miwili tu nyuma hali ilikuwaje? Kuna mwanachama mwenzetu, yumo humu ndani na amenipa ruhusa bila kumtaja, anauza spea za bodaboda pale stendi. Mwaka 2023 alikuwa na shilingi zake zimekamilika, oda yake ya China iko tayari, mzigo unasubiri malipo. Akaenda benki kutafuta dola. Akaambiwa njoo kesho. Kesho akaambiwa njoo wiki ijayo. Akawa anapewa kidogokidogo, kama mtu anayechota maji kisimani wakati wa kiangazi, anasubiri kisima kijae tena. Mwisho akanunua mtaani kwa bei ya kuumiza. Ninyi mnaoendesha pikipiki mlilipia tofauti hiyo kwenye cheni na matairi, na abiria wenu wakailipa kwenye nauli.

Dola zilikwenda wapi? Urusi iliivamia Ukraine Februari 24, 2022. Mafuta yakapanda, Agosti mwaka ule lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410. Mbolea ikapanda, hadi serikali ikabeba ruzuku na kushusha mfuko wa kilo 50 hadi elfu 70. Ngano ikapanda, na hiyo tunaiagiza karibu yote, ndiyo maana andazi la asubuhi lilipungua huku bei ikibaki ileile. Vitu vilevile tuliviagiza kwa dola nyingi zaidi. Wakati huohuo Marekani, kupambana na mfumuko wa bei wa kwao, ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri, Machi 2022, hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Mwenye dola yake anaiweka wapi? Anairudisha kwao, inalipa vizuri na hana wasiwasi. Kwa hiyo sisi tukahitaji dola zaidi wakati zimepungua.

Shilingi ilishuka hadi dola moja ikapita 2,700 mwaka 2024. Leo, Septemba 2025, ipo chini ya 2,500. Watu wanashangilia, na muagizaji wetu wa spea ana haki ya kushangilia. Lakini ninyi wa mkonge, mnauza kwa dola. Dola ileile inayorudi kwenu sasa inaleta shilingi pungufu, na mkata mkonge bado anataka ujira wake, na dizeli ya korona haijashuka kwa kiwango hicho. Mtu akikwambia shilingi imara ni nzuri, muulize: kwa nani? Ndani ya ukumbi huu huu wapo wanaopata na wapo wanaokosa.

Benki Kuu imefanya jambo ambalo nalipongeza kwa moyo wote. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wakubwa wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 iuzwe humu nchini, na Benki Kuu inanunua kwa shilingi na kuiweka. Huko ndiko kuweka jiwe kwenye foleni kabla ya usiku kuingia. Na kuna jema moja ambalo kahawa haikuwa nalo: dhahabu mara nyingi hupanda pale mambo mengine ya dunia yanapoharibika. Ila hupanda na kushuka. Aliyekuwa na kazi mgodini mwaka 2013 atawaeleza jinsi inavyoshuka.

Sasa mniulize, uchumi unaelekea wapi? Nitasema ninavyoona.

Mwaka 2024 uchumi ulikua kwa asilimia 5.5, na mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3 na kitu. Kwa nchi nyingi hizo ni namba za kutamaniwa. Lakini sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7, tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Mama zangu mnaelewa hesabu hii kuliko profesa. Sufuria imeongezeka ukubwa, na watoto mezani wameongezeka. Ukitoa moja kwa nyingine, kilichobaki kwa kila mtu ni kama asilimia 2. Kwa mwendo huo, mshtuko mmoja mkubwa unafuta kazi ya miaka kadhaa ya familia. Ndiyo sababu nasema hatuna nafasi ya kufanya 1978 nyingine.

Upande wa nishati nina matumaini zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024 bila tone la dizeli. Dar es Salaam bajaji na teksi zinapanga foleni usiku kujaza gesi yetu wenyewe ya Songo Songo na Mnazi Bay, na dereva wa foleni ile atakuonyesha kwa vidole anachookoa kwa siku. Kila lita ya mafuta tusiyoiagiza ni mlango mmoja ambao mshtuko haupiti tena. Angalizo langu ni moja, na wenye umri watalikumbuka: mwaka 2006 bwawa la umeme la Mtera lilikauka tukakaa gizani. Ukikwepa mikono ya waarabu wa mafuta ukajiweka mikononi mwa mvua, bado hujawa huru. Gesi, jua na upepo viende pamoja na bwawa.

Nisipolisema hili linalofuata nitakuwa sikutenda haki. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje. Wapo watu zaidi ya milioni moja katika nchi hii wanaomeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kila siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilibebwa na fedha za Wamarekani. Fikirieni mtu aliyesoma habari ile kwenye simu huku chupa yake ya vidonge ipo juu ya kabati. Alikuwa anahesabu vilivyobaki. Bajeti ya 2025/26 ikaweka tozo ndogo kwenye mafuta, pombe na vitu vingine kwa ajili ya mfuko wa Ukimwi na bima ya afya kwa wote. Tozo haipendwi, najua. Mimi hii naiunga mkono waziwazi. Huu ni mshtuko wa kamba ya plastiki, umekuja kukaa, na safari hii angalau hatukukaa tunasubiri kuitwa.

Kwa hiyo nikiulizwa hofu yangu iko wapi, si kwenye vita ya nani na nani. Hatuizuii. Hofu yangu ni kwamba bei ya dhahabu ipo juu, watalii wamejaa, na katika mwaka kama huu hakuna anayetaka kusikia habari ya kuweka. Wabunge wanataka barabara zao, wafanyakazi wanataka nyongeza, wafanyabiashara wanataka kodi ishuke, na wote wana hoja. Hata 1978 wote walikuwa na hoja.

Na sisi je? Tusimalizie kwa kuisema serikali peke yake.

Ajenda namba 6 leo ni gawio. Mwaka huu chama kimepata ziada kubwa kuliko mwaka wowote tangu tulipokianzisha, na mnajua sababu: mkonge umelipa, wanachama wa Magoma, Hale na Ngombezi wamerejesha mikopo kwa wakati. Pendekezo lililopo mezani ni kwamba, baada ya akiba ya kisheria, ziada yote iliyobaki igawiwe. Nimesikia minong'ono nje, wengine mmeshapanga fedha hiyo. Ada za Januari zipo, mabati yapo, harusi zipo. Simlaumu mtu.

Mimi ninaleta pendekezo mbadala, na naomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Theluthi moja ya gawio hilo iwekwe kwenye mfuko wa dharura, usioguswa na bodi wala na mkutano mpaka bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ishuke chini ya kiwango tutakachokiandika leo hapa kwa shilingi na senti. Ikishuka, mfuko ulipe riba za wanachama wa mkonge kwa msimu huo ili mtu asiuze shamba. Kiwango tukijadili. Theluthi ikiwa kubwa, semeni robo. Lakini tukiandike leo, wakati korona inanguruma.

Kipande cha baba nakiacha kwenye meza ya mbele. Kipitisheni mkono kwa mkono, mkihesabu vile vyumba 19, kisha kinirudie kabla Mwenyekiti hajaita kura.

Ahsanteni sana.